Ukurasa wa Lango la Kumi na Saba

Picha ya mawingu ilipita kichwani mwa Naelijwa kama ng'ombe wanaopitishwa jikoni.

Aliisikia ikija. Kwanza uzito nyuma ya masikio, pale nyuzi za kilemba zilipogusa ngozi, kisha weupe mpana usio na kingo, mlima mzima ukiwa umetazamwa kutoka juu, na mvua ambayo bado haijanyesha. Akaweka viganja juu ya magoti. Picha ya mawingu inapopita huna la kufanya ila kukaa kimya ipite. Ilipokwisha, akaanza kuokota vyake kama mwenye nyumba aokotavyo sufuria. Lango la nne, lipo. La tisa, lipo. La kumi na mbili, la marehemu mama yake, lipo.

La kumi na saba hakulitafuta. Hilo alikuwa amelishika tangu mwanzo, kabla picha haijafika, kama mtu anayembeba mtoto mgongoni kwanza ndipo arudi kuokoa godoro.

"Nae," aliita mama yake mdogo, Nakunda, kutoka kiti cha pili. "Nimekunywa chai mimi?"

"Umekunywa, mama mdogo."

"Na nini?"

"Na kiazi."

"Kilikuwa kitamu?"

"Hukusema."

"Basi hakikuwa." Nakunda akakigeuza kikombe kitupu, akakitazama chini yake, akakirudisha. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Ukimuuliza mfereji wake, kuanzia lango la ishirini na nne mpaka la arobaini, alikujibu kabla hujamaliza kuuliza. Watoto wake wanne aliwaita wote kwa jina la kifungua mimba.

Walikuwa wanawake sita ndani ya Ukumbi, kila mmoja na kiti chake, kila mmoja na kilemba chake cha nyuzi. Chini ya sakafu, kwenye chumba cha baridi, ndipo yalipokuwa mawe ya kumbukumbu, meupe kama chumvi ya mawe, na ndani yake kila kitu ambacho vijiji kumi na vinne vya mlimani vilihitaji kukijua: mipaka, mbegu, picha za anga, na zamu za maji. Watu waliyaita Ghala. Juu zaidi kulikuwa na ndiva, bwawa la kukusanyia maji, na kutoka kwenye ndiva mifereji ilishuka ikiwa na malango sitini. Kila lango kabla ya kufunguka liliuliza Ghala: leo zamu ya nani, na kwa muda gani?

Zamani, kabla Naelijwa hajazaliwa, mawe yalikuwa mazito. Lango liliuliza, na jibu likaja uji umeshachemka. Ndipo walipotafutwa wanawake wenye vichwa vyepesi. Ukurasa unaoulizwa mara kwa mara ukatolewa jiweni ukawekwa kichwani mwa mtu, na lango likapata jibu kwa pumzi moja. Ulikuwa ujanja mzuri. Tatizo ni kwamba waliojenga Ghala waliamua kila kitokacho jiweni kipite kichwani kwanza, hata kile kitakachoulizwa mara moja tu na kisiulizwe tena milele. Picha za mawingu zilipoanza kuja, kubwa kama kanisa, nazo zikapita humo humo.

Kwenye kona, juu ya ndoo iliyogeuzwa, Injinia Bwire aliandika kitu kwenye kishikwambi chake.

"Pumzi tano," alisema. "Lango la hamsini na moja limesubiri pumzi tano."

"Lisubiri," alisema Nakunda. "Na sisi tunasubiri."

Hakuna aliyecheka sana. Masika iliyopita lango la sitini, la mwisho kabisa kule bondeni, liliuliza wakati picha inapita. Lilisubiri pumzi tisa. Mfereji ukapasua ukingo, ukabeba nyumba tatu na bibi mmoja aliyekuwa akianika kunde. Ndiyo sababu Bwire alikuwa ametumwa, kutoka kwao kando ya ziwa, na sanduku la mawe mapya.

*

Aliwaeleza wakati wa chai ya saa nne, vilemba vikiwa vimetundikwa kwenye misumari na malango yote yamefungwa kwa nusu saa. Alikuwa mtu mpole. Alikunywa chai yao bila kuuliza kama maji yamechemshwa.

"Kila kitu humu kinamiminwa mara mbili," alisema. "Kutoka jiweni kwenda kichwani, kutoka kichwani kwenda kwenye waya. Zamani ilifaa, jiwe lilikuwa zito. Haya niliyokuja nayo yanajibu kwa nusu pumzi. Kwa hiyo, akina mama, msinielewe vibaya..."

"Sema tu, baba."

"Sasa hivi kinachochelewesha ni vichwa vyenu."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema, "Yaani birika limekuwa na mwendo kuliko kikombe," na hapo wakacheka, kicheko cha watu waliochoka, kifupi, cha puani.

"Nataka kutoboa njia ya kando," Bwire aliendelea. "Lango liulize, jiwe lijibu moja kwa moja kwenye waya. Ukumbi tunaupita. Ni kama barabara ya mchepuko, haiingii mjini."

"Injinia," alisema Nakunda, "mchepuko umewahi kumletea nani amani?"

Safari hii walicheka hadi Bwire mwenyewe akafunika uso kwa kishikwambi. Naelijwa naye alicheka. Lakini jicho lake lilibaki kwa Nakunda, ambaye baada ya kicheko alikaa akipapasa shingo, pale ngozi ilipochubuka na kupona na kuchubuka kwa miaka ishirini na sita.

"Ina maana hatutavaa tena?" Nakunda aliuliza, sauti ikiwa imeshuka.

"Hamtavaa tena, mama. Mtapewa kazi nyingine. Ya macho na miguu."

Nakunda alikitazama kilemba chake msumarini kama mtu anayemtazama mume mkorofi anayefunga mizigo.

"Na yaliyomo vichwani?" aliuliza Naelijwa. Aliuliza kwa upole, kama hajali.

"Hizo ni nakala tu, dada. Asili iko jiweni. Alhamisi tutajaribu nusu siku, malango yote."

Akiwa na kikombe mkononi, Naelijwa alijua kwamba Bwire amekosea, na alijua amekosea wapi. Kwa watu wa mlima ule, neno la maji haliandikwi kabla ya jembe. Mtu akifiwa, akiazima zamu yake, akipatana na jirani, alikuja kwenye dirisha la Ukumbi, akasema, na mshika kurasa akabadilisha kichwani. Basi. Lango lilifuata kichwa. Jiweni iliandikwa mara moja tu kwa mwaka, siku baada ya msaragambo mkuu, kazi ya pamoja ya mifereji, wakati kila kaya imeshika jembe, mifereji imezibuliwa na watu wamepatana. Jiwe lilikuwa nyuma ya watu miezi na miezi, na hakuna aliyeona ajabu. Wale wanawake watano wengine hawakulitaja kwa sababu hakuna anayemweleza msomi kwamba mchele huoshwa. Walidhani anajua.

Naelijwa hakulitaja kwa sababu nyingine.

Miaka mitatu nyuma, mama yake alikuwa akifa polepole katika nyumba ya mteremkoni. Naelijwa alikuwa chini ya kilemba na Nakunda naye chini ya kilemba. Ulikuwa mwezi wa kiangazi, na mshika kurasa hatoki kwenye kiti malango yakiwa yanauliza. Aliyekaa na mgonjwa alikuwa jirani, Mama Senzia. Alimgeuza, akamlisha, akamwosha. Kwa ajili hiyo hakwenda msaragambo mara ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu. Na sheria ya msaragambo wanaijua hata kuku: mara tatu bila jembe, lango lako linafungwa.

Kamati ilipokaa, kesho ya msaragambo mkuu, Naelijwa alikuwepo. Sheria nyingine inasema mshika kurasa hafungui mdomo kwenye shauri la maji. Hakufungua. Lango la kumi na saba, la Mama Senzia, likafungwa, ikaandikwa jiweni, na Naelijwa akarudi kwenye kiti chake, ambako ukurasa wa zamani ulikuwa bado kichwani: Jumanne na Ijumaa, saa moja mpaka saa mbili na nusu. Kilichotakiwa ni kuuachia tu. Ukurasa ukiachiwa husomwa upya kutoka jiweni.

Hakuuachia, na kila mwaka siku ya kuandika jiweni aliuruka.

Ila maji hayazaliwi kichwani. Saa moja na nusu ile aliichota robo saa robo saa, kutoka lango la kumi na nane mpaka la ishirini na tatu. Kaya sita. Robo saa nani ataihisi? Na moja ya kaya hizo, ya lango la kumi na tisa, ilikuwa ya Nakunda.

Kwa miaka mitatu hakulala usingizi wa kuachia. Alilala kama mtu aliyeshika yai.

*

Alhamisi saa moja asubuhi Bwire aligeuza swichi, na Ukumbi ukanyamaza.

Hawakuwa wamewahi kuusikia kimya. Vilemba vilikuwa msumarini, malango yalikuwa yanauliza kule chini, na hakuna kilichopita. Mmoja wa wanawake alianza kulia bila kujua kwa nini. Nakunda alisimama dirishani akasema, "Kumbe kuna ndege hapa," na akaendelea kusimama.

"Nusu pumzi," alisema Bwire akitazama kishikwambi. "Nusu. Picha ya mawingu imepita katikati na lango la sitini halikusubiri hata kidogo." Macho yake yaling'aa, na Naelijwa alimpenda kidogo, kwa jinsi alivyokuwa akimfikiria bibi wa kunde ambaye hakuwahi kumwona.

Saa tatu kasorobo mtu alipiga dirisha kwa ngumi. Alikuwa Kiondo wa lango la thelathini, suruali imelowa hadi magotini.

"Nani ameshika thelathini leo?"

"Leo hakuna aliyeshika," alisema Naelijwa.

"Ndiyo maana. Juzi nilisimama hapa hapa nikamwambia mama Nakunda, baba amefariki, tunamzika shambani, zamu yetu msituletee. Akaniambia nimesikia. Sasa kaburi limejaa maji." Alisema taratibu, kama mtu anayetaka kila neno lipokelewe. "Waombolezaji wanachota kaburi kwa ndoo. Mchungaji ameshika kata. Nyinyi watu, mimi nitamweleza nini baba?"

Bwire alimtazama Kiondo, akamtazama Nakunda, akatazama kishikwambi chake kilichomwonyesha kwamba kila kitu kimekwenda vizuri.

"Jiwe linasema zamu ni yake," alisema.

"Jiwe linasema ya mwaka jana," alisema Nakunda. "Hukujua?"

"Ningejuaje, mama?"

"Ungeuliza."

"Nimekaa na nyinyi wiki mbili!"

"Umekaa ukihesabu pumzi," alisema Nakunda, bila ubaya wowote.

Walikuja wengine. Mmoja aliyeazima zamu yake kwa shemeji. Wawili waliobadilishana siku. Bwire aligeuza swichi ikarudi, wanawake wakavaa, na kichwa cha Naelijwa kikajaa malango yanayogombana. Kesho yake, Ijumaa, alikuwa bado ameinama akiyapanga, aliposikia sauti aliyoijua. Bwire alikuwa ameomba apime mawe kwa saa mbili za asubuhi, kwa mfereji wa Naelijwa tu, akiwa ameshauliza kila kaya. Kila kaya ambayo jiwe lilimwambia ina zamu.

"Mwanangu, hujambo?"

Mama Senzia alisimama dirishani na jembe begani. Miguu yake ilikuwa mikavu.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nimesubiri kwenye lango tangu saa moja. Halijafunguka. Nikasema labda mmebadilisha siku."

Naelijwa alirekebisha kilemba.

"Maana Mwenyekiti wa kamati ni mtu mwema," Mama Senzia aliendelea. "Waliponifungia ule mwaka nilijua nimekwisha. Wiki haikuisha, maji haya. Nikajua amenihurumia kimya kimya, hataki watu waseme. Na mimi nikanyamaza. Kila mwaka nampelekea mkungu wa ndizi, siulizi, hasemi. Tunaelewana." Akahamisha jembe bega la pili. "Maharage yametoa maua, mwanangu. Yakikosa wiki mbili hivi, basi. Niangalizie."

"Nitakuangalizia."

"Una macho mekundu. Unalala?"

"Ninalala, mama."

"Mama yako naye alikuwa anasema hivyo hivyo," alisema Mama Senzia, akaondoka.

*

Mchana ule Bwire aliwakusanya. Alikuwa amezeeka kwa siku mbili.

"Nimekosea, na nimekwenda kumwambia Kiondo hivyo," alisema. "Kabla sijatoboa njia ya kando, kila ukurasa uliobadilika lazima umiminwe jiweni. Wote. Baada ya hapo jiwe na watu watakuwa sawa, na mtu akija dirishani mtaandika saa hiyo hiyo. Msaragambo hautasubiriwa."

"Na kamati?" mmoja aliuliza.

"Mwenyekiti amekubali. Atakuja saa tisa, watasomewa mabadiliko." Akamgeukia Naelijwa, ambaye ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri na hivyo alikuwa amekabidhiwa kuandika. "Dada, ziko nyingi, mia mbili na kitu. Kwa kawaida kila ukurasa huandikwa jina la aliyeubadilisha. Lakini kwa leo, ukitaka, andika tu Ukumbi. Jina moja kwa zote. Hatutasoma moja moja hadi jioni, tutasoma idadi."

Alimwambia kwa huruma, ili kumpunguzia kazi. Hakujua alichomwekea mkononi.

Naelijwa alivaa kilemba akaanza kumimina. Lango la kwanza, wamebadilishana siku. La nne, wameazimana. Kila ukurasa ulipotoka, kichwa kilibaki na nafasi, kama ukutani palipotolewa picha. Alifika la kumi na saba akasimama.

Angeliandika lile neno, Ukumbi, lingepita. Jiwe lingesema Jumanne na Ijumaa, saa moja mpaka saa mbili na nusu, na jiwe haliulizwi. Mama Senzia angevuna maharage. Kaya sita zingekosa robo saa zao si kwa miaka mitatu tena, ila kwa kudumu, na asijulikane wa kulaumiwa, maana hata yeye Naelijwa angekuwa ameshaachia, angekuwa amelala.

Au auachie tu, bila kuandika. Lango lingefungwa kama sheria inavyotaka na mikono yake ingekuwa safi.

Aliinuka, akaenda kwenye kiti cha pili, akachuchumaa.

"Mama mdogo. Nikuulize kitu."

"Uliza."

"Lango la kumi na tisa. La kwako. Maji yamekuwa yakipungua?"

Nakunda alifikiri. "Yamepungua. Robo saa hivi."

"Tangu lini?"

"Tangu..." Alitafuta. Naelijwa alimwona akitafuta, akipita kwenye vyumba vitupu vya nyumba yake mwenyewe. "Kuna kipindi niliona. Nikajua ni nani. Nadhani nilijua. Nikasema, sawa."

"Ulisema sawa?"

"Au nilisema nitakuuliza, nikasahau." Akamshika mwana wa dada yake shavuni. "Sikumbuki, mwanangu. Labda nilikupa. Labda uliniibia. Ilikuwa ya nini?"

"Ya Mama Senzia. Aliyekaa na mama."

"Mama yupi?"

Naelijwa alibaki amechuchumaa. Nje ndege alilia, na Nakunda akageuza kichwa kumsikiliza, na swali likawa limekwisha kwake.

Alikuwa amekuja kuomba msamaha kwa mtu pekee aliyeweza kuutoa, akakuta duka limefungwa. Na akiwa pale chini, magoti yakiuma, jambo jingine likamjia, jepesi, la aibu. Lango la kumi na mbili lilikuwa lake. La mama yake. Saa mbili nzima kila Jumanne na Ijumaa, na mwenye zamu yuko huru kumwazima amtakaye, hata aliyefungiwa. Hiyo ni desturi, haihitaji kamati wala shauri. Angeweza kufanya hivyo tangu siku ya kwanza. Hakufanya kwa sababu mahindi yake yalihitaji maji. Miaka mitatu alikuwa mkarimu, kwa maji ya wenzake.

Akarudi kwenye kiti. Akaandika kurasa mbili.

Wa kwanza: Lango la kumi na saba lilifungwa na kamati. Mimi Naelijwa nililiacha wazi miaka mitatu bila ruhusa. Maji niliyatoa lango la kumi na nane mpaka la ishirini na tatu, robo saa kila moja. Sasa yarudi kwa wenyewe.

Wa pili: Zamu ya lango la kumi na mbili, Jumanne na Ijumaa, naiazima lango la kumi na saba, mpaka nitakaposema vinginevyo. Naelijwa, mwenye zamu.

Kisha akauachia ukurasa. Hakusikia chochote kikubwa. Alihisi tu mkono unaouma ukifunguka.

*

Saa tisa Naelijwa alimkabidhi Mwenyekiti zile kurasa mbili kwanza, naye akazisoma akiwa amesimama. Alikuwa mwanamume mnene wa pumzi fupi, na alisoma ukurasa wa kwanza mara mbili.

"Ndizi," alisema hatimaye.

"Naam?"

"Miaka mitatu yule mama ananiletea ndizi. Nikadhani ana shida na mimi. Mke wangu naye akadhani hivyo hivyo." Akakunja uso. "Nimepata tabu nyumbani kwa sababu yako, binti."

Mtu alicheka nyuma. Mwenyekiti hakucheka.

"Ulikuwepo siku ile. Ungesema."

"Mshika kurasa hasemi."

"Hasemi, lakini anaiba?"

Swali lilikuwa limekaa sawasawa.

"Kaya sita zina haki ya kukudai," alisema Mwenyekiti. "Utawafanyia kazi, zamu kwa zamu, msaragambo ujao na unaofuata, kwenye sehemu zao za mfereji. Lango la kumi na saba limefungwa kama lilivyofungwa, hadi watu wakae na jembe mkononi walizungumze. Siku hiyo utasema, maana hutakuwa mshika kurasa tena." Akageuza ukurasa wa pili, akautazama muda mrefu. "Huu hatuna neno nao. Mtu na maji yake." Akampa Bwire. "Mimina."

Bwire akamimina. Kisha akageuza swichi, na safari hii hakuirudisha. Nakunda alivua kilemba, akakikunja vizuri kama kanga ya sherehe, akauliza akiweke wapi. Hakuna aliyejua.

Jumanne, kabla ya saa moja, Naelijwa alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mfereji, karibu na lango la kumi na saba. Alijaribu kuliuliza kichwani kama zamani. Hapakuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu awe msichana, hakujua kama lango litafunguka. Ilimbidi angoje aone, kama mtu yeyote.

Mama Senzia alikuwa upande wa pili, jembe limelazwa. Alikuwa ameshaelezwa yaliyopita, na kwamba leo maji yatakuja. Hakuwa amesalimia.

"Kumbe hakuwa yeye," alisema, akitazama bati la lango.

"Hakuwa yeye."

"Nimemlisha ndizi bure mtu mzima yule." Akang'oa gugu ukingoni. "Na hawa wa kumi na nane huko, nimekula nao harusini, nimewaambia Mungu ananipenda. Kumbe nakunywa maji yao. Ungeniambia, Naelijwa, ningekufa kwa kiu nikiwa najua."

"Ndiyo, mama."

"Usiniitikie ndiyo mama. Na haya ya leo ya nani?"

"Yangu. Ya mama."

Mama Senzia alitazama juu, upande wa lango la kumi na mbili.

Chuma kilikwaruza. Bati likapanda, na maji yakaingia kwenye mtaro yakisukuma majani makavu mbele yake, ya rangi ya udongo, polepole, kama hayana habari na yeyote. Mama Senzia akashika jembe, akaingia, akaanza kuyaelekeza kwenye mistari ya maharage. Hakusema ahsante. Kazi ilikuwa nyingi.

Alipofika mwisho wa mstari wa tatu aligeuka kumwambia mwenzake asogeze mguu, analoweka viatu. Naelijwa hakusikia. Alikuwa ameegemea nguzo ya lango, mdomo wazi, mikono imefunguka juu ya mapaja, amelala fofofo juani, na mtaro ukipita chini ya visigino vyake.

Mama Senzia akamvua viatu, akaviweka pakavu, akarudi kwenye maji.